Kupumzika si dhambi, jamani

Habari za msuli? Najua mtajibu nini. Wiki mbili hizi kila ninayemsalimia hapa chuoni ananijibu neno moja tu: "Nimechoka." Hata "nzuri" ya uongo hatusemi tena. Unakutana na mtu njia ya maktaba, begi mgongoni, macho mekundu, unamwuliza vipi, anakwambia amelala saa mbili. Na anavyolisema, kuna kafahari ndani yake, kama mtu anayekuonyesha cheti.

Hako kafahari ndiko kalikonifanya nikae chini niandike. Uchovu wenyewe hauna ajabu. Testi zimefuatana, asainmenti ya kikundi cha watu nane inafanywa na mtu mmoja, bumu limeisha au halijaingia, wanaokaa mbali wanatoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi foleni, na UE ndiyo ile inakuja. Kuchoka ni haki yetu kabisa. Ninachobishana nacho leo ni kingine: sisi Wakristo wa chuoni, ambao tuna amri nzima ya kupumzika kati ya zile amri 10, tumekuwa watu wa kutopumzika kabisa. Na sasa tumeanza kuhubiri kwamba ndivyo Mungu anavyotaka.

Hebu hesabu ratiba ya mpendwa "aliye moto". Jumatatu maombi. Jumatano kujifunza Neno. Ijumaa mkesha. Jumamosi mazoezi ya kwaya, mchana kikao cha kamati, jioni uinjilisti wa chumba kwa chumba. Jumapili ibada, kisha kikao cha tathmini ya ibada. Hapo hujagusa desa hata moja, hujafua, hujampigia mama simu. Kila kipindi kwa peke yake ni kizuri, sina ugomvi nacho. Ila ukivijumlisha unapata kozi nyingine isiyo na jina, tena isiyo na likizo.

Sasa limekuja pendekezo kwamba kipindi cha UE feloshipu yetu iongeze mikesha, kutoka mmoja mpaka mitatu kwa wiki, ili kuvunja "roho ya sapu". Tutaliamua Jumapili hii baada ya ibada. Mimi nalipinga, na nimeona ni heri nieleze sababu zangu mapema, maana kwenye kikao mtu akisema "tupunguze maombi" anaonekana amepoa kiroho kabla hajamaliza sentensi.

Tuanze na amri yenyewe. Watu wengi tunaijua ile ya Kutoka 20, inayosema tupumzike kwa kuwa Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Lakini amri hiyo imerudiwa katika Kumbukumbu la Torati 5, na pale sababu inabadilika: mpumzike kwa kuwa mlikuwa watumwa Misri. Ukitaka kujua utumwa huo ulikuwaje, rudi Kutoka 5. Musa anaomba watu wapewe nafasi wakamwabudu Mungu jangwani. Farao anajibu kwamba hao ni wavivu, wana muda mwingi. Anaamuru wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na idadi ya matofali ibaki ile ile. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "leo basi".

Watu waliotoka kwenye maisha hayo ndio walioambiwa: siku moja kati ya saba, acheni. Kwa hiyo amri ile ilikuwa tangazo kwamba ninyi si mali ya Farao tena. Mtumwa hapumziki kwa sababu thamani yake ni matofali yake. Mtoto anapumzika kwa sababu yuko kwao.

Sasa jiulize, ni nani anayetuambia sisi kwamba tukilala ni wavivu? GPA inaweza kuwa Farao. Soko la ajira linaweza kuwa Farao. Na samahani kwa nitakalosema, hata kamati ya maombi inaweza kuwa Farao, ikianza kuhesabu matofali ya kiroho: nani alikuja, nani hakuja, nani alisinzia.

Kuna jambo jingine ninalolipenda sana. Mwanzo 1 inahesabu siku kuanzia jioni, ndipo asubuhi. Wazungu siku yao inaanza katikati ya usiku, lakini sisi wa Kiswahili hili halitupi shida. Watu wa pwani tangu zamani wanahesabu siku kuanzia magharibi, kiasi kwamba kwao Alhamisi jua likishazama ni usiku wa Ijumaa. Mpaka leo tunasema "usiku wa kuamkia Jumapili", yaani usiku ule tayari unaitazama Jumapili. Maana yake ni nini? Kwamba siku inaanza na kulala! Unaanza kwa kufumba macho, Mungu yeye anaendelea kufanya kazi, halafu asubuhi wewe unaamka na kujiunga na kazi aliyoianza. Tena mtu kwenye habari ile aliumbwa siku ya sita, kwa hiyo siku yake nzima ya kwanza duniani ilikuwa ya mapumziko. Alikuwa hajalima hata tuta moja. Sisi tumegeuza: kwanza malizia kazi, ndipo ustahili kupumzika. Na kwa kuwa kazi haiishi, ruhusa hiyo haitakuja mpaka tunazikwa.

Najua kuna mtu ameshaanza kunijibu kwamba Yesu alikesha. Ndiyo, alikesha. Luka 6 inasema aliomba usiku kucha kabla ya kuwachagua wale mitume 12. Siukatai mkesha. Lakini Yesu huyo huyo katika Marko 4 amelala kwenye chombo, kichwa juu ya mto, dhoruba inapiga na maji yanaingia, mpaka wanamwamsha kwa lawama. Na katika Marko 6 wanafunzi wanarudi kutoka kwenye huduma, watu ni wengi kiasi kwamba hawana hata nafasi ya kula. Yesu hawaambii waongeze kipindi. Anawaambia waende mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Huduma ilikuwa inawaka moto, watu wanamiminika, na yeye anasema twendeni tukapumzike. Kamati yetu ingemwita mtu wa namna hiyo kwenye kikao. Hata Gethsemane, mahali ambapo wahubiri wa mikesha wanapenda kutupeleka, muda aliowalaumu wanafunzi kwa kutoukesha ulikuwa saa moja. Sisi tunataka saa tisa, mara tatu kwa wiki, na asubuhi yake kuna mtihani.

Halafu tusisahau usingizi unafanya kazi gani. Ubongo unapolala ndipo unapopanga na kuimarisha yale uliyojifunza mchana. Wataalamu wanashauri mtu mzima alale angalau saa 7. Kwa hiyo anayekesha siku tatu kuomba afaulu, anaomba kwa mdomo kitu ambacho mwili wake unakibomoa. Mungu anaweza kufanya muujiza, siwezi kumpangia. Lakini usingizi nao kautengeneza yeye, na Zaburi 127 inautaja kama kitu anachowapa wapenzi wake, tena baada ya kusema kwamba kuamka mapema na kuchelewa kulala kwa mahangaiko ni kazi bure.

Nije kwa Eliya, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa zito. 1 Wafalme 18 ni ushindi mkubwa, moto umeshuka Karmeli. Sura inayofuata mtu huyo huyo anakimbia, anafika jangwani, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Ni nabii huyo, anayetaka kufa. Mungu alimfanyia nini? Hakumhubiria. Hakumwambia afunge. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji, akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, kula tena, maana safari ni ndefu. Maswali Mungu alimwuliza baadaye, alipofika Horebu.

Hapa chuoni kuna akina Eliya wengi kuliko tunavyojua. Mtu anakwambia "nimechoka na maisha" kwa kucheka, na wewe unamjibu "kaza, mpendwa, UE ikiisha utakuwa sawa". Au mbaya zaidi, tunampa siku tatu za kufunga. Mpendwa, mtu akikwambia hivyo, kaa naye. Mwulize amekula lini na amelala lini. Usimwache peke yake, na nenda naye kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali. Kumpeleka huko si kukosa imani. Mkate wa Eliya nao uliokwa juu ya makaa, ulikuwa mkate wa kawaida.

Sasa kuna hoja moja ngumu kuliko zote, na sitaki kuiruka. Rafiki yangu mmoja anasuka nywele za wenzake hostelini Jumamosi na Jumapili. Mkopo aliopata hautoshi, nyumbani hawana, na hela ya kusuka ndiyo chakula chake cha wiki. Nilipomweleza mawazo haya alicheka, akaniambia: "Dada, pumziko ni la wenye bumu." Kasema kweli, na mahubiri mengi kuhusu pumziko yanaishia hapo, yanakuwa ushauri kwa watu wenye friji.

Lakini soma tena amri ile ya Kumbukumbu la Torati. Haimwambii mwenye shamba peke yake apumzike. Inamtaja mtumwa wake, mjakazi, ng'ombe, punda, na mgeni aliye ndani ya malango yake. Yaani pumziko lako halijakamilika kama kuna mtu anafanya kazi ili wewe upumzike. Na kabla ya amri hiyo kutolewa kulikuwa na mana, Kutoka 16. Aliyeokota nyingi hakuzidiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa, na siku ya sita ilipatikana ya siku mbili ili ya saba watu wakae. Paulo katika 2 Wakorintho 8 anaichukua habari hiyo ya mana anapowaomba Wakorintho wachangie ndugu zao wenye shida. Kwa hiyo pumziko na kugawana vimefungwa pamoja tangu jangwani. Kumwambia dada anayesuka "mtumaini Mungu, usifanye kazi Jumapili" bila kumpa sahani ya wali ni maneno matupu. Sisi ndio mana yake ya siku mbili. Tukishindwa hapo, tusimhubirie.

Kuna somo pia kutoka Urusi. Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti ilitaka viwanda visisimame hata siku moja, ikafuta Jumapili. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi na siku yake ya kupumzika. Kwa hesabu, kila mtu alipata siku ya mapumziko baada ya kazi ya siku nne, mara nyingi zaidi kuliko zamani! Lakini mume alipumzika leo, mke kesho, rafiki keshokutwa, na watu wakalalamika kwamba siku ya kukaa peke yako si mapumziko. Mpango ulibadilishwa mwaka 1931, na mwaka 1940 juma la siku saba na Jumapili yake vikarudi. Ninachojifunza ni kwamba pumziko linahitaji kukubaliana. Nikifunga madesa peke yangu wakati kundi la WhatsApp la darasa linatuma "jamani kesho kuna kikao cha asainmenti saa 2", sitapumzika. Nitalala nikiwa na mchecheto.

Wasabato wenzetu wametuacha mbali hapa. Mwenzangu wa chumbani ni Msabato. Ijumaa kwao ni siku ya maandalio: anafua, anapika, anapanga meza. Jua likizama anafunga vitabu, na hafungui mpaka Jumamosi magharibi, hata kama Jumatatu kuna testi. Mwanzoni darasani walimcheka. Siku hizi wanakikundi wake hawapangi kitu Jumamosi, wameshamzoea. Na anafaulu kama sisi wengine, bila macho mekundu. Ndugu zetu Waislamu nao, adhana ikilia, utawaona wanaacha kimbweta na madesa juu yake, wanakwenda kuswali, wanarudi. Mara tano kwa siku wanakumbushwa kwamba kazi si mungu. Sisi tunakumbushwa na nini?

Tafadhali usinielewe vibaya, situmwi na wavivu. Ajizi ni nyumba ya njaa, na wazazi wetu hawakuuza ng'ombe ili tuje kulala Dar es Salaam. Amri ile ile inayotoa siku moja ya kupumzika inataja siku sita za kazi. Tunapenda sana kusema mchumia juani hulia kivulini, lakini tunaishia kwenye jua. Kivuli nacho kimo kwenye methali. Wala sisemi kuhusu kulala na simu mpaka saa 8 usiku ukitazama video za watu wanaocheza. Huko ni kujisahaulisha. Unaweza kujipima kirahisi: ukiamka asubuhi na hamu ya kuongea na mtu, ulipumzika. Ukiamka unataka watu wote wakuondokee, hukupumzika.

Kwa Mkristo mambo haya yote yanatoka kwenye chanzo kimoja. Katika Mathayo 11 Yesu anawaita waliolemewa na mizigo na kuwaahidi pumziko, halafu hapo hapo anataja nira. Nira ni kifaa cha kazi! Haahidi maisha bila jembe. Anasema nira yake ni laini. Ulaini wake unatoka wapi? Nadhani jibu liko Marko 1, kwenye ubatizo wake. Sauti ilitoka mbinguni ikimwita Mwana mpendwa, anayempendeza Baba, na wakati huo alikuwa hajahubiri hata mara moja, hajaponya mtu, hana mwanafunzi. Alipendwa kwanza, kazi ikafuata. Sisi tunafanya kazi ili siku moja tuambiwe tunapendwa, na ndiyo maana nira inachubua shingo. Matokeo yakitoka kwenye mfumo na ukaona sapu, utaumia, utalia, utasoma upya. Lakini hujapungua kuwa mtoto. Anayelijua hilo kabla ya mtihani anaweza kulala usiku wa kuamkia mtihani. Huo ndio usingizi wa imani, na nadhani unamtukuza Mungu kuliko mkesha wa hofu.

Basi, Jumapili nitakuja na haya manne. Kwanza, kuanzia wiki moja kabla ya UE mpaka iishe, kusiwe na mkesha hata mmoja. Badala yake tukutane saa 12 jioni, nusu saa tu, tuombe, tuimbe wimbo mmoja, twende zetu. Pili, Jumapili baada ya ibada kusiwe na kikao cha aina yoyote. (Ndiyo, najua kikao cha kulijadili hili kitafanyika Jumapili baada ya ibada. Kiwe cha mwisho.) Tatu, hela tunayotumia kukodi spika na kununua soda na biskuti za mkesha iwe mfuko wa chakula wa wiki za mitihani, kwa wasio na kitu, na wapewe kimya kimya bila kupigwa picha. Nne, anayeweza afunge madesa Jumamosi jua likizama mpaka Jumapili jua likizama, na tukubaliane kutoitana asainmenti ndani ya saa hizo. Tukiwa 20 tu, vikundi vyetu vitazoea, kama walivyomzoea yule Msabato.

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, nitamsikiliza kwa moyo wote. Ninaomba jambo moja tu: aje akiwa amelala.

Usiku mwema, wapendwa. Tuonane vimbwetani.